Chatini ya Kijani ya Don Wences

Kabla hata hajakaa, Eufrasia alijua hatakipenda chakula hicho. Harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyochemshwa na kuchemshwa tena ilimpokea tangu kona ya duka la dawa, ikamganda kooni, akatamani kugeuza arudi nyumbani. Lakini alikuwa ametoa neno lake. Saa kumi mchoraji angekuja kulipaka upya bango la kibanda, na yeye ndiye wa kusema kama jina la marehemu mumewe libaki pale juu au lifutwe. Alishamwambia mkwewe Heriberto: kwanza nile, kisha ndipo niseme.

"Kwa Don Wences." Jina hilo lilikaa juu ya kibanda hicho cha taco, chapati za mahindi zinazokunjwa na utumbo ndani, mtaani Iztacalco, miaka thelathini na moja. Na miaka yote hiyo Eufrasia aliosha utumbo. Kila alfajiri uani kwake, beseni tatu: anaugeuza ndani nje, anausugua kwa chumvi, ndimu na siki, anausuuza mpaka hauna harufu ya kitu chochote. Mumewe Wenceslao anauchukua anaondoka nao. Jioni anarudi na taco nne zimefungwa kwenye karatasi, na kikombe cha chatini ya kijani, nzito, imejaa parachichi. Kibandani Eufrasia hakuwahi kula hata siku moja.

"Umeshinda na matumbo asubuhi nzima," mumewe alikuwa akimwambia. "Sasa kaa kwenye kiti chako, ule kama malkia."

Naye malkia akajivunia hiyo chatini. Mji mzima unajua ule ujanja wa vibandani: unasaga mumunye changa, bichi, pamoja na nyanya za kijani, pilipili na mafuta, inatoka rangi ile ile ya parachichi na mteja anajipakia bila kuuliza. "Wengine ndio wanaowalisha watu mamumunye," Eufrasia alisema sokoni, akasema kanisani, akasema hata kwenye foleni ya hospitali. "Wenceslao wangu, thubutu!" Wifi yake Leocadia alipothubutu kuguna tu, walinuniana miaka miwili.

Sasa Wenceslao ana miezi sita kaburini, na mwenye kisu ni Heriberto.

"Mama mkwe, karibu! Yako nimekuwekea pembeni."

"Usinipendelee. Nipe wanachokula watu."

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Nimekuja kubembelezwa hapa? Nataka sahani kama ya Don Lamberto."

Don Lamberto, fundi kufuli, mteja tangu siku ya kwanza, alikuwa ameinamia sahani yake, kitambi amekirudisha nyuma kisichuruzikiwe. Akamsogezea nafasi kwenye benchi bila kuacha kutafuna.

Sahani ilikuja imevalishwa mfuko wa plastiki, kama desturi ya vibanda ili isihitaji kuoshwa, ila huu ulikuwa unateleza kwa mafuta ya mtu aliyetangulia. Eufrasia akaushika kwa ncha mbili za vidole. Chapati ya mahindi ilikuwa ya moto pembeni na baridi katikati, na alipoikunja ikapasuka, mchuzi ukamwingia kwenye mkono wa sweta. Akajikaza, akauma.

Utumbo ulinuka zizi. Hakukuwa na namna nyingine ya kusema. Ulikuwa mgumu, na ndani yake mlikuwa na kitu chachu ambacho chumvi haikukigusa wala ndimu haikukipitia. Alichefukwa mpaka machozi yakamtoka. Akatamani kutema, lakini watu sita walikuwa wanamtazama mjane wa Don Wences akila, kwa hiyo akameza, na kumeza kwenyewe kukawa adhabu nyingine. Ili kuiondoa ladha ile akachota chatini kijiko kizima, akaitia mdomoni.

Ilikuwa majimaji. Ilikuwa baridi na laini ya ajabu, inateleza ulimini kwa mafuta, na nyuma ya pilipili palikuwa na ladha ya jani.

"Heriberto."

"Naam, mama."

"Hili ni mumunye."

Hata Don Lamberto aliacha kutafuna.

"Mumunye! Chini ya jina la mume wangu! Wewe huna haya? Chukua ngazi ukalifute sasa hivi, usimsubiri hata huyo mchoraji!"

Heriberto akafuta mikono kwenye aproni, polepole.

"Mama, kwa utumbo nigombeze, ni haki yako. Tangu msiba nilisema upumzike, nikawa nanunua uliooshwa tayari, na wale wanausuuza mara moja tu basi. Lakini chatini ni ya baba mkwe. Nimesaga mimi miaka tisa, yeye amesimama papo hapo ulipo. Mamumunye kumi, na parachichi moja." Akainama chini ya meza, akatoa kikombe kilichofunikwa kisahani. "Parachichi ni la kwako. Alikuwa analichagua mwenyewe, analibonyeza kama daktari."

Eufrasia akamgeukia Don Lamberto, maana alitaka mtu wa kubisha.

"Sote tunajua, doña," alisema Lamberto, akitazama sahani. "Mtaa mzima."

"Mlijua, mkaniacha niseme?"

"Ulikuwa unasema kwa raha mno. Nani angekukata?"

Aibu ilimpanda kuanzia shingoni. Akamkumbuka Leocadia na miaka yao miwili. Akamkasirikia Wenceslao kwa hasira isiyo na pa kwenda, maana maiti hagombezwi. Na lile parachichi moja la kila siku halikumpoza. Lilimuudhi zaidi, kwa sababu bila hilo angeweza kumchukia vizuri.

Akafunua kikombe. Ilikuwa ile ile ya jioni zake zote. Akakisukuma mbele ya Lamberto.

"Onja. Hii ndiyo niliyokuwa naisifia."

Lamberto akachovya kipande cha chapati, akatafuna, akafikiri, akakunja uso.

"Nzito," alisema. "Usinikasirikie, doña. Ile ya siku zote ni tamu zaidi."

Watu wakacheka. Eufrasia hakucheka. Ladha ya zizi ilikuwa bado imemng'ang'ania kooni, na hapo ndipo alipoona kwamba katika taco zile zote za miaka thelathini na moja, kitu pekee ambacho hakikumdanganya mtu ni kile kilichotoka kwenye beseni zake.

Akasimama, akaikunja mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko.

"Mwambie mchoraji aache jina. Ni mwongo wenu, mnafaana naye," alisema. "Na huo utumbo, Heriberto, wamwagie mbwa, kama watakubali. Kesho alfajiri niletee mbichi."