Damu ya Fundi Baiskeli

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja mjini Tabora. Akiba ya damu ilikuwa ndogo. Mgonjwa akihitaji, tuliwapima ndugu zake kwanza. Wakikosekana, tulitafuta watu mjini.

Asubuhi moja aliletwa kijana kutoka upande wa Bukene. Robota la pamba lilimwangukia wakati wa kupakia lori, likamvunja paja, na alikuwa amepoteza damu nyingi. Aliyemsindikiza ni mama yake tu. Nilipompima, damu zao hazikupatana. Akaniuliza inawezekanaje, ilhali mtoto alimbeba tumboni mwenyewe. Nikamwonyesha kwenye kigae cheupe: tone moja limebaki laini, jingine limeganda vipunje vipunje kama maziwa yaliyoharibika. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

Nilipanda baiskeli hadi mtaa wa Ipuli kwa fundi baiskeli mmoja aliyewahi kuchangia damu. Alinawa grisi, akafunga kibanda, tukaondoka. Nilipima tena, damu yake ikakubali. Chupa ikijaa, mama aliketi karibu naye akimdadisi: kwao wapi, anasali wapi, jana alikula nini. Fundi akajibu kwamba ni mzaliwa wa mjini, Mwislamu, na jana alikula ugali kwa mlenda.

"Basi mwanangu ataizoea," akasema mama, ambaye alikuwa Mkristo wa Kimoraviani.

Kufikia alasiri midomo ya kijana ilianza kurudiwa na rangi. Wiki kadhaa baadaye alitembea kwa magongo.

Siku ya kuruhusiwa, mama alinifuata maabara. Akanieleza kwamba fundi alikuwa na dada yake aliyekuwa akimletea kijana uji, na binti huyo na kijana walikuwa wamependana.

"Wakioana, si watakuwa ndugu wa damu?" akaniuliza.

Nikamwuliza daktari. Alianza kucheka, kisha akasema kitabibu hakuna kizuizi: damu ile huisha baada ya miezi michache na mwili hutengeneza yake.

"Hayo ni yenu," mama alisema nilipomrudishia jibu. "Yetu tutayakalia nyumbani."

Kikao cha ukoo kilikataa ndoa hiyo. Fundi mwenyewe aliniambia baadaye, bila kinyongo: walishamhesabu yeye kuwa mtoto wa nyumba ile, na dada yake vivyo hivyo. Kila mavuno alipanda treni kwenda Bukene kupokea fungu lake la karanga kama watoto wengine.

Nilitamani sana kujua yule binti alisemaje. Sikuthubutu kumwuliza.