Gitaa ya Nibizi Kati ya Mifuko ya Muhogo

Tangu Jumamosi napumua vizuri. Nauza unga wa muhogo karibu na soko hapa Baraka, upande wa Kongo, na wateja wananiambia siku hizi nimekuwa mpole. Si upole. Ni kwamba mume wangu amerudi kuwa mtu wa kuishi naye.

Anaitwa Nibizi. Mchana anatengeneza pikipiki, na Jumapili anapiga gitaa ya solo katika korale, kwaya ya kanisa letu. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa 2015 na begi moja na gitaa ile. Wenzake katika kambi ya wakimbizi walipokuwa wanatafuta mbegu za kupanda, yeye alikuwa anatafuta nyuzi. Nilimwona mpumbavu. Kisha nikakubali anioe, sasa sijui mpumbavu alikuwa nani.

Mwezi uliopita korale iliamua kutoa albamu yake ya kwanza. Waimbaji na ngoma walirekodiwa Uvira, kwa fundi mmoja wa studio anayeitwa Eddy. Wiki ile Nibizi alikuwa analala na malaria, hakwenda. Basi Eddy akamtumia mikro ndogo ya kuchomeka kwenye simu, arekodi gitaa yake nyumbani na kuituma kabla ya Jumamosi. Bertin, rais wa korale, akaja kuongeza lake.

“Kama haitatoka muzuri, tutaweka piano,” alisema, kwa sauti ya chini kama anatoa pole ya msiba.

Nibizi aliitika tu. Lakini namjua. Mtu anapigia korale miaka tisa, halafu albamu inatoka, watu wanaicheza mpaka Mboko na Makobola, na yeye hayumo. Siku ile aliutazama ugali wake mpaka ukapoa.

Sasa, kwetu huku ampli, ile mashine ya kukuza sauti ya gitaa, ina heshima zake. Kanisani tunaiweka juu ya meza, inaangalia watu, na sauti inafunguliwa mpaka mwisho, kwa sababu hata mgonjwa aliyebaki nyumbani lazima asikie. Ampli ikiongea polepole ni aibu. Watu watasema korale imeishiwa petroli. Kwa hiyo Jumatatu Nibizi aliweka ampli juu ya meza sebuleni, akaigeuza iangalie mlango, akafungua sauti yote, na nyuma ya ukuta gurupu, jenereta yetu ya umeme, ikawa inanguruma. Mabati yalitetemeka. Vikombe vyangu vilitembea kabatini. Majirani wawili wakaja kucheza mlangoni, na yeye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Bertin aje.

Tukasikiliza kwenye simu. Mungu wangu. Ilikuwa kama mtu anakaanga samaki wa ndagala karibu na sikio lako, na chini yake gurupu ile ile.

Jumanne akarudia, kwa nguvu zaidi. Ikatoka vibaya zaidi. Eddy alituma ujumbe wa sauti: “Mzee Nibizi, punguza. Na mikro uisogeze karibu ya bafle, pale sauti inatokea, lakini isiangalie katikati yake. Pembeni kidogo.”

Mikro akaisogeza. Kupunguza akakataa.

“Nipunguze, gitaa iko mugonjwa?” aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye Eddy.

Jumatano akaendelea, na mimi nikachoka. Mama Bushira, mwenye mkahawa pale njia panda, alikuja kununua nusu mfuko. Akaita, akaita tena, kelele zikammeza, akaenda kununua kwa mwingine huku namwona. Niliingia ndani na hasira zangu zote nikazima gurupu, nikamwita kwa jina la mtoto wetu.

“Baba Dieumerci, inatosha. Unanifukuzia bateja.”

“Siku zinabaki mbili, mama.”

“Basi enda upigie kule nyuma, mu depo. Na hii gurupu sitaki kuisikia tena. Utatumia batri ya sola.”

“Batri haiwezi kubeba ampli.”

“Itabeba ile itaweza.”

Depo yangu ni chumba kidogo cha matofali ya udongo, na mifuko ya unga wa muhogo imepangwa pande zote mpaka karibu na mabati. Meza haingii. Tuliketisha ampli juu ya mfuko mmoja, na kwa sababu hakuna nafasi, ikabidi iangalie mifuko mingine. Nibizi alisimama pale kama mtu aliyeambiwa asalimie ukuta.

“Nani atasikia?” aliuliza.

“Mikro njo itasikia.”

Kwamba mikro ndiyo itasikia, nilisema kwa hasira tu. Sikujua kitu. Na nilibaki ndani kwa sababu nilitaka kulinda unga wangu, huo ndio ukweli.

Alipofungua sauti kupita kiasi, batri ilikata. Akawasha, akafungua tena, ikakata tena. Mara ya tatu akaacha sauti chini, uso umekunjamana, akaweka masikioni waimbaji aliotumiwa na Eddy, akaanza kupiga.

Sauti haikugonga mahali popote. Mifuko iliimeza yote iliyozidi, ikabaki gitaa peke yake. Nilisikia vidole vyake vikiteleza juu ya nyuzi. Nyimbo nazijua, nikasikia jinsi anavyongoja waimbaji wamalize neno lao, halafu anaweka noti mbili, tatu, na kunyamaza tena. Miaka yote hii nilikuwa nasikia kishindo, nikadhani ndicho anachopiga. Niliona haya. Huyu mtu alikuwa anasema vitu vizuri hivyo, na kelele zake mwenyewe zilikuwa zinamfunika.

Alipomaliza, tukasikiliza kwenye simu, kila mmoja na sikio moja.

“Hii njo mimi?” aliuliza.

“Njo wewe.”

Akairudisha mwanzo, akasikiliza tena, na kichwa chake kikawa kinatikisika polepole. Hakuniambia asante, na mimi sikuidai.

Nyimbo nane alizimaliza Ijumaa, nywele zimekuwa nyeupe kwa unga. Akatuma. Halafu tukangoja, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko makelele. Alifungua injini ya pikipiki ya mteja mara mbili akasahau alichokuwa anatafuta ndani.

Jumamosi adhuhuri napimia mteja unga, Bertin akashuka kwenye pikipiki mbele ya duka. Hakusalimu. Nilisema moyoni, basi, ni piano. Nibizi aliinuka na mafuta mikononi, hakuthubutu kusogea. Bertin akafungua ujumbe wa sauti kwenye simu, tukamsikia Eddy.

“Président, ile piano tuliyoiandaa nimeitoa yote. Sasa shida yangu ni baimbaji. Kando ya gitaa hii sauti zao zinaonekana zilirekodiwa njiani. Muulize yule mzee, alirekodia studio gani?”

Bertin alimtazama mume wangu. “Studio gani, Nibizi?”

Nikajibu mimi.

“Ya kwangu. Na korale ikitaka kuja kuimbia mule, bavue viatu, ule ni unga wa kula.”

Bertin alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, kati ya injini na ndoo, mikono yake michafu juu ya kichwa.

“Niko ndani ya albamu,” alisema. “Mama Dieumerci, niko ndani.”

Nikamwambia ndiyo, uko ndani, nikaendelea kumpimia mteja unga wake, na machozi yananitoka.