Usiniite Mama Mbele Yake

Mama yangu yuko hai. Yuko Kitale, anafuga kuku, na hunipigia simu kila Jumapili. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia nikimtaja yule mwanamke wa Al Thumama hudhani nilikuwa yatima nikapata wa kunilea. Sikuwa yatima. Ndiyo maana hata mimi mwenyewe bado sielewi vizuri kilichotokea.

Nilikuwa yaya katika nyumba moja Al Thumama, mtaa wa Doha, na yeye alikuwa mpishi katika nyumba ya pili. Ukuta ulitutenganisha, lakini nyuma palikuwa na kijimlango cha chuma ambapo sote tulitolea taka. Wiki yangu ya pili Doha alinikuta hapo nalia, mfuko wa taka mkononi. Alikuwa Mpemba wa makamo, mfupi, mwenye mguu mmoja uliokuwa ukimsumbua. Hakuniuliza nalilia nini.

"Umekula?" aliniuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nikautazama mfuko wa taka. Akarudi jikoni kwao, akaleta wali na samaki wa nazi kwenye bakuli, akasimama kunitazama mpaka nikamaliza.

Kuanzia hapo akaniita mwanangu, nami nikamwita mama. Alinifundisha Kiarabu cha kujibia madamu, alinisuka nywele tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya nyuma, alinigombeza nilipokaa siku mbili na homa bila kumwambia mtu. Ijumaa, kabla sijaenda kanisani Mesaimeer, nilipita kwake kwanza anikague.

"Geuka. Hiyo sketi mbona imekunjamana? Huko kwa Mungu ndiko unakokwenda hivyo?"

Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na sketi akaipiga pasi.

Nilijua ana binti. Picha yake ilikuwa kwenye simu, msichana wa rika langu aliyesimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Mwaka wangu wa tatu, mama akanijia mlangoni akasema, "Mwanangu anakuja." Kwa nukta moja nilidhani ananitania, kwa maana mwanawe si ndiye mimi, nimesimama mbele yake? Kisha nikaelewa. Binti alikuwa amepata kazi ya ndani huko Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Nilifurahi kweli. Nilimnunulia mtandio wa rangi ya maziwa.

Miezi miwili ikapita kabla binti hajapewa siku ya mapumziko. Alhamisi, mama akaniita kijimlangoni.

"Kesho anakuja kunitembelea. Nina ombi. Usiniite mama mbele yake."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nikuite nani sasa?"

"Niite shangazi. Niite lolote."

Nilirudi ndani nimekasirika, kisha hasira ikanichanganya. Kwani mimi nilikuwa nimemwambia nini mama yangu wa Kitale? Siku moja alisikia sauti kwenye simu akauliza ni nani anayeniita nikale. Nilimjibu kwamba ni jirani tu.

Ijumaa hiyo niliwakuta uani, kila mmoja kwenye kiti chake cha plastiki, wamekaa kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Nikasema, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia "Marahaba, binti," kwa sauti niliyomsikia akiitumia kwa mwenye duka. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Umekula?"

"Nimekula."

Nilisubiri amuulize amekula nini. Hakumuuliza.

Aliitwa ndani kupakua chakula cha mchana, na binti akanifuata kijimlangoni. Nilimpa mtandio wake. Aliushika tu, hakuufungua.

"Dada, wewe umekaa naye sana. Chai yake anatia sukari?"

Akaendelea, "Aliniacha nina miaka sita. Nimelelewa na bibi. Yeye namjua kwa sauti. Leo nimemtengenezea chai, ameionja akaiweka chini."

Nikamwambia: hatii sukari, anapenda tangawizi nyingi. Asimuulize habari za mguu wake. Akitaka kumchekesha, aige mtu yeyote anavyotembea. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa, midomo ikirudia maneno yangu bila sauti.

"Na wewe alikuwa anakufanyia nini?"

"Hakunifanyia kitu," nikasema. "Tulikuwa tunasalimiana tu."

Sijui nilimdanganya kwa faida ya nani. Labda nilitaka asiumie. Labda nilikuwa naficha changu.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama anasafisha kuku kwenye sinki la nje.

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Mbona basi?"

Alikata mabawa yote mawili kabla ya kusema. "Nilikuwa nikikupa chakula, moyoni nasema nampa yeye. Nikikusuka, namsuka yeye. Sasa amekuja mwenyewe, nikimtazama namwona mgeni. Naona haya."

"Na mimi ulikuwa unaniona nani?"

Akafungua mdomo. Sauti ya madamu wake ikamwita kutoka ndani, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda. Nilisimama pale kidogo, kisha mtoto niliyekuwa namlea akaamka, nami nikaenda.

Hatukugombana. Alinisalimia kila siku, na mara mojamoja alinipitishia mkate wa kumimina. Binti akaendelea kuja. Ijumaa moja nilisikia wanacheka uani, nikafurahi, kisha nikafunga dirisha. Mwaka uliofuata mama aliacha kazi akarudi Pemba. Siku ya kuondoka alinikumbatia mbele ya binti, kwa nguvu, mpaka nikasikia pumzi yake shingoni. Akasema, "Kwaheri, jirani yangu." Nikamjibu, "Safari njema, shangazi."

Binti bado yuko Umm Salal. Hunipigia, ananiambia mama anakusalimu, na husema "mama" kwa namna ambayo sijui kama ni wake au wetu. Juzi aliniuliza, "Dada, hasa mlikuwa mnaongea nini na mama siku zote zile?"

Nilimwambia nitamsimulia Ijumaa. Ijumaa tulikutana, tukanywa chai, tukaongea habari za likizo.