Mzimu wa Saa Sita Mchana

Nyumba ya bibi yangu, juu kidogo ya Kemondo, ilinukia nyasi mbichi. Alizitandaza sakafuni kila wiki, nasi wajukuu tukalala kifudifudi juu yake tukisikiliza hadithi huku ndizi zikichemka. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Sabuni haikupatikana, chumvi ilifichwa kama dawa, na ugonjwa ule mpya ulikuwa umeanza kumaliza watu wazima, nyumba kwa nyumba. Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya mwanamke aliyeuawa na mumewe akazikwa migombani. Kila saa sita mchana alitoka kaburini, mwembamba, amejitanda shuka nyeupe, akabisha hodi kuomba chumvi. Hapo nilikuwa naziba masikio! Shuleni nilijidai shujaa, lakini kwa mzimu yule nilikuwa mwoga kupindukia, na bibi alinicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwisho wa hadithi mtoto mmoja alimpa mzimu chumvi, naye akaenda kupumzika asirudi tena.

Mchana mmoja bibi alikuwa shambani, tumebaki mimi, msichana wa miaka tisa, na mdogo wangu Kaiza. Hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama Ma Koku, mjane wa jirani, ambaye hatukuwa tumemwona kwa miezi. Alikuwa mifupa mitupu, amejitanda shuka nyeupe, midomo imejaa vidonda. "Waitu, tafadhali wajukuu," alisema, "nipeni chumvi kidogo nisukutue kinywa." Nilimtambua. Naapa nilimtambua, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu Kaiza alipopiga kelele "Mzimu!" ni mimi niliyeokota jiwe la kwanza. Baba yetu alikuwa amekufa kwa ugonjwa huohuo mwezi uliotangulia, na nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu yeyote. Jiwe lilimpata mdomoni. Damu ikamwagika, meno mawili yakadondoka. Nikarusha la pili. Majirani wakaja mbio na fimbo, na mmoja aliyerudi kutoka vitani akavua mkanda wake wa jeshi. Walimwona vizuri ni nani, jua lote lile! Wakampiga vilevile. "Huyu ndiye anayetuletea kifo!" walisema. Alijikunja kulinda kichwa, akawaita kwa majina yao mmoja mmoja, mpaka akanyamaza.

Bibi alirudi na jembe mkononi, akawatimua wote. Alimwosha damu kwa mikono mitupu, wakati ambapo watu waliogopa hata kugusa kikombe cha mgonjwa. Ma Koku alikata roho kabla jua halijazama. Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga! Hakutusimulia tena hadithi yoyote.

Leo binti yangu Kemi anatengeneza filamu Bukoba mjini. Vijana hawa wanachukua hadithi za mizimu za wazee wetu na kuzitengeneza upya: mzimu anavaa wigi, anatokea kiti cha nyuma cha gari, muziki unapigwa mpaka masikio yanataka kupasuka. Huwa nawacheka. Aliponiomba hadithi ya bibi nilimpa, ila mwisho niliubadilisha. Nilimwambia watoto walimpiga mzimu kwa mawe, kijiji kikapona. Nilikuwa nimejisimulia hivyo miaka mingi mpaka nikakaribia kuamini.

Akanionyesha filamu yenyewe sebuleni kwake, mtaa wa Kitendaguro. Mwigizaji alipopigwa jiwe mdomoni, wenzake Kemi wakashangilia, "Mpe lingine!" Nikawaomba waizime.

"Jamani mama, imekutisha?" Kemi akacheka.

"Bibi hakusimulia mawe," nikamwambia. "Mawe niliyarusha mimi. Alikuwa jirani yetu, mgonjwa."

Nikamweleza yote, mbele ya wenzake. Kicheko kilimwisha. Aliniuliza kwa nini nilimwacha aitengeneze. Nikamsihi aifute.

"Siwezi, mama. Niliiachia mtandaoni tangu asubuhi. Watu wanatumiana kwenye simu."

Enzi zile tulimpiga mara moja, kijiji kimoja, na bibi alikuwepo wa kututimua. Sasa Ma Koku anapigwa Muleba, anapigwa Mwanza, na mtoto asiyeridhika anairudisha filamu nyuma ili aone tena jiwe likimpata.