Waya wa Shaba Mkononi mwa Delos

Verna Wixom alikuwa mtu wa makasia, mumewe Delos mtu wa waya. Ndivyo walivyovua samaki aina ya trauti katika Ziwa Keuka tangu waoane. Mke anapiga makasia taratibu, mume kakaa nyuma akimwambia kila asubuhi, "Polepole, mama," na waya mrefu wa shaba unapita mkononi mwake mpaka chini kabisa, ambako kijiko cha chambo, kibati kinachong'aa, kinagonga mawe. Wenye fimbo za kuvulia, Delos aliwacheka. Kwake mkono ndio uliojua kila kitu: mwamba, tope, hata trauti anayenusa tu na kwenda zake.

Kipindi cha baridi alipata kiharusi chepesi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, kisha ukarudi. Daktari aliwaambia wazi: ganzi ikija tena, msingoje, njooni hospitali. Delos akaapa atasema. Verna hakumwamini sana, maana huyu ndiye aliyevunjika mbavu akasema ni kiungulia. Wanaume wa ziwa hili ndivyo walivyo, wanaudhi mpaka basi.

Asubuhi hiyo Delos alikuwa na furaha, mdomo hauna breki.

"Mama, unapiga makasia kama unakoroga uji."

"Vuta waya wako, acha kunichunga. Unagusa chini?"

"Nagusa! Kinagonga kama mgeni mlangoni."

Akaendelea na umbea wa jirani aliyejenga gati likazama. Verna alicheka, na katika kucheka akasahau kutazama ufukoni. Ili mashua ibaki juu ya ukingo wa mwamba, mnara wa kanisa ulipaswa kuonekana juu ya paa la ghala la zabibu. Alipokumbuka kutazama, mnara ulikuwa umeliacha ghala mbali. Walikuwa juu ya kilindi, na waya wote wa Delos usingefika chini.

"Bado unagusa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si nimeshakwambia? Mawe matupu."

Verna aliuangalia ule mkono wa kulia. Mkono wa mzee ulikuwa unakwenda mbele na nyuma kama siku zote, kwa mazoea tu. Ndipo alipoona damu. Waya ulikuwa umemkata kidole, damu inatiririka mpaka kwenye suruali, naye bado anasimulia habari za gati.

"Delos. Tazama mkono wako."

Delos aliutazama.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipokuwa navaa viatu." Hakumtazama mkewe. "Ningekwambia tukirudi."

"Ungerudi ukiwa nani, wewe mzee? Maiti?"

Verna aligeuza mashua kuelekea gatini, akakanyaga mbao za chini kwa visigino, akavuta kwa nguvu zake zote. Hakuwahi kuvuta hivyo na waya ukiwa majini. Huko nyuma kijiko kilipanda kutoka kilindini, kikaanza kurukaruka juu ya maji.

Delos alicheka kidogo. Kisha akafungua mdomo kumwambia neno alilomwambia kila asubuhi ya ndoa yao.

"Po... poe... poepoe, mama."

Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Verna alimwona vizuri, maana mpiga makasia hukaa akimtazama aliye nyuma. Alizidi kuvuta.