Araksi na Nyeusi Isiyong'aa

Saa mbili asubuhi, katika karakana ya kupaka rangi magari, mtaa wa Bourj Hammoud. Araksi Terzian amelala chali chini ya Mercedes nyeusi ya mwaka 1958, akifuta tope na grisi kwa kitambaa chenye petroli. Nyuma ya tangi la mafuta, mahali ambapo hakuna mpaka rangi aliyewahi kufika, anapata anachokitafuta: kipande cha rangi ya kiwandani, kipana kama kiganja.

"Njoo uone," anamwita mwenye gari, Fares Maalouf. "Ni nyeusi, lakini haing'ai."

Fares anainama, anatazama, anainuka. Gari linaingia kwenye maonyesho ya magari ya kale, naye anataka ling'ae lote, hadi chini ya sakafu. Araksi amekubali kung'arisha bodi tu. Fremu ya chini itakuwa nyeusi isiyong'aa, na vyuma vya injini vitang'aa kidogo, kama vilivyotoka kiwandani.

"Watu watasema umeishiwa rangi, Bi Araksi."

"Waambie mwenye gari ndiye aliyeishiwa macho."

Fares anacheka, kisha anaacha kucheka. "Mimi ndiye ninayelipa, dada yangu."

"Unanilipa nipake rangi, bwana. Hunilipi nidanganye."

Araksi, mwenye umri wa miaka 46, alijifunza kazi kwa baba yake, Garbis, dereva wa teksi aliyekuwa akipaka rangi magari ya wenzake. Hii ndiyo kazi kubwa pekee aliyoipata tangu majira ya baridi. Ikiondoka, huenda akafunga karakana na kuajiriwa na binamu yake Vartan, anayepaka magari ya mizigo.

"Nyeusi ni nyeusi," Vartan humwambia.

"Basi na kahawa ni maji," Araksi humjibu.

Adhuhuri, lori la kukokotea magari linafika kuichukua Mercedes. Fares amempata fundi mwingine. Araksi anafungua lango mwenyewe.

"Mkikikwangua kile kipande cha rangi ya kiwandani, hakirudi," anasema.

Fares anapanda kwenye lori.

Mercedes inapopotelea kwenye kona, Araksi anaenda nyuma ya karakana na kuvuta turubai. Chini yake kuna teksi ya marehemu baba yake, imekaa miaka minane bila kuwashwa. Anapanga kando yake makopo matatu ya rangi nyeusi, kila moja na mng'ao wake.

"Mwaka huu haitawahi maonyesho," anajisemea, akichukua msasa. "Mwakani itakuwepo. Wakininyima nafasi ndani, nitaiegesha langoni. Na boneti nitaiacha wazi, watu waone injini."