Maneno Matatu ya Gathii

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, daktari wa masikio mjini Kitale aliandika kwenye faili ya Tabitha Waithera, mwenye umri wa miaka 56, kwamba sikio lake la kushoto halisikii tena, na la kulia limebakiwa na nguvu kidogo ambazo huenda zisimalize mwaka. Waithera alimwomba amtajie mwezi. Daktari alimwambia masikio hayatoi notisi.

Waithera, ambaye kila mtu Endebess humwita Tabby, anashona sare za shule. Cherehani haimsumbui, anaijua kwa mguu na kwa vidole. Wateja wameshajifunza kusimama upande wa kulia na kupaza sauti. Kitu kimoja tu ndicho anachokitaka kabla sikio halijafunga: kusikia tena wimbo uliorekodiwa Bungoma mwaka 1995, ambamo mumewe, Gathii, anasema maneno matatu.

Gathii alikuwa fundi wa baiskeli. Alikufa Agosti 1999, akaacha mtoto wa miaka mitatu, picha nne, wala hakuacha sauti. Siku hizo watu hawakurekodi waume zao. Walirekodi redio.

Na redio ndiyo iliyowaoza. Kabla ya simu za mkononi, Tabby na Gathii walikuwa watu wa salamu. Walinunua kadi dukani, wakaandika majina ya marafiki na wimbo waliotaka upigwe, wakatuma kwa posta, kisha wakasubiri wiki tatu wasikie mtangazaji akiyasoma. Kundi lao lilikuwa na watu tisa, kutoka Endebess hadi Sirisia, na kila mmoja alikuwa na jina la hewani. Gathii alijiita Mwana wa Spoku. Tabby alikuwa katibu: ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri na orodha ya anwani za posta. Hata mumewe alimwita Katibu, jikoni na kitandani.

Mwaka 1995 bendi ndogo ya vijana wa Chwele iliwaimbia. Ilikuwa desturi ya wanamuziki wa wakati huo kuwataja mashabiki wao katikati ya wimbo, gitaa linapopanda, na wale tisa walichanga nauli wakaenda Bungoma siku ya kurekodi. Mwimbaji alimwita kila mmoja kwa jina, naye akaitikia kwenye maikrofoni. Wote tisa walipanga mstari wakicheka. Ilipofika zamu ya Gathii, hakumjibu mwimbaji. Alimgeukia mkewe akasema, "Niko hapa, Katibu."

Wimbo huo haukufika mbali. Bendi ilivunjika mwaka uliofuata. Mfanyabiashara mmoja wa Kitale, Ishwar, alitoa nakala za kanda kwa kila aliyeagiza, na walioagiza walikuwa takriban wale tisa tu. Mwezi uliopita Tabby alikwenda kwenye duka hilo. Siku hizi linauza paneli za sola, na mwenye duka ni Savitri, mkaza mwana wa Ishwar.

"Kanda zote tulitupa, mama," Savitri alimwambia, akisimama upande wa kushoto. Ikabidi arudie kutoka upande wa kulia, kwa sauti ambayo duka zima lilisikia. "Tulitupa. Panya walizaa ndani."

Mtandaoni wimbo haupo. Binti yake, Wacuka, aliutafuta kwa jina la bendi, kwa jina la wimbo na kwa maneno yote ambayo mama yake aliyakumbuka. Walipata nyimbo nyingine nyingi za miaka hiyo, nzuri, na Tabby alizisikiliza zote kwa sikio moja huku akitikisa kichwa.

Yeye mwenyewe hana kanda. Aliokoka mwaka 2001, na wiki hiyo hiyo alipeleka nyimbo zake zote za dunia kwenye moto uliowashwa uwanjani mwa kanisa. Kanda thelathini na moja. Anakumbuka plastiki ilivyonuka.

Zilibaki nakala za wenzake. Kuanzia Februari amewatafuta mmoja mmoja. Wawili wamekufa na watoto wao hawajui kanda ni nini. Watatu, kila mmoja kwake, walimwambia jambo moja: walifuta. Alhamisi, tarehe 20 Machi, akafika Sirisia kwa Mukhisa, mkulima wa vitunguu ambaye hewani alijulikana kama Chui Asiyekula Nyama.

"Karibu, Katibu," Mukhisa alisema, akimpokea mfuko mlangoni. "Ati sasa mtu anaongea na wewe kama anaita ng'ombe?"

"Upande huu, Chui. Huo mwingine umefunga duka."

"Basi huo ndio nitatumia kukutukana."

Walicheka. Mkewe alileta chai na mkate. Tabby hakugusa chai. Alisema alichokuja kutafuta, na Mukhisa akaenda chumbani na kurudi na kanda mkononi.

Ilikuwa yenyewe. Karatasi ya Ishwar ilikuwa bado imebandikwa, na majina tisa yalikuwa juu yake kwa mwandiko wa Tabby mwenyewe. Lakini yale mashimo mawili mgongoni mwa kanda, ambayo huachwa wazi ili mtu asirekodi juu yake, yalikuwa yamezibwa kwa karatasi iliyotafunwa.

"Uliziba," Tabby alisema.

"Niliziba."

Alimwomba aicheze hata hivyo. Mukhisa akatoa redio ya kanda inayotumia mawe sita ya betri, akafuta vumbi, akaiwasha. Tabby aliinama akaweka sikio la kulia kwenye spika. Palisikika mhubiri, mkutano wa injili wa Bungoma, watu wakiitikia amina. Alisikiliza upande wa kwanza wote, dakika thelathini, akiwa ameinama vile vile. Mke wa Mukhisa alimletea stuli. Wakageuza. Upande wa pili ulikuwa kwaya. Kwaya ilipokwisha palibaki mvumo mtupu, na Tabby aliinua mkono kuwazuia wasizime. Mvumo uliendelea hadi kitufe kikaruka chenyewe.

"Labda iko chini yake," alisema. "Wacuka anasema kuna kompyuta zinaweza kufukua."

"Katibu." Mukhisa alisogea upande wa kulia. "Hakuna kitu chini. Ukilima juu ya mahindi, si mahindi yameenda?"

"Ulirekodi mara moja tu?"

"Mara moja inatosha, bana."

"Mbona ulifuta, Chui? Wewe hata kanisani ulikuwa huendi."

Mukhisa alimwangalia kama mtu anayepima kama anachezewa. Akachukua Biblia kwenye rafu, na ndani ya jalada akatoa barua, imekunjwa mara nne. Aliisoma kwa sauti kubwa, kwa ajili ya sikio.

"Ndugu mpendwa. Mimi nimeokoka na nimechoma. Ile sauti ya Gathii katika wimbo wa dunia ni kamba ya shetani, inanirudisha nyuma kila siku. Nakuomba kama katibu wako, ufute yako ili nisije nikaiomba siku nikiwa dhaifu. Ukimaliza niandikie."

Tabby hakuwa amesahau. Alikuwa ameandika barua saba kama hiyo, siku moja, kwenye meza ya cherehani, na wiki zilizofuata alihesabu majibu. Alidhani wenzake ndio wangekuwa wamesahau.

"Nilifuta siku hiyo hiyo," Mukhisa alisema. "Nilikuwa napenda hiyo wimbo, lakini ulikuwa mjane. Nani angebishana na mjane?"

"Ungebishana."

"Na ungenisikia?"

Mke wa Mukhisa alimshika Tabby bega, naye akaliacha bega lishikwe. Kisha Mukhisa akauliza, "Kiplimo je?"

Barua ya saba ilikwenda kwa Kiplimo, ambaye anafuga ng'ombe wa maziwa Endebess. Yeye pekee ndiye aliyekataa. Aliandika mistari miwili: Gathii alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mume wako. Sifuti. Tabby aliisoma barua hiyo mbele ya mkutano wa kundi, akamwita mtumishi wa giza, na akalikata jina lake kwenye orodha kwa wino mwekundu. Hawajasemezana tangu hapo. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, majirani walichukulia kwamba ni mambo ya kabila, na hakuna kati yao wawili aliyewasahihisha.

Kutoka mlango wa Tabby hadi geti la Kiplimo ni mwendo wa dakika sita. Amesafiri hadi Ndalu, Bungoma na Sirisia, amebisha milango sita ya watu wengine, na kwenye geti hilo hajasimama.

"Huenda aliitupa," alimwambia Mukhisa.

"Huenda."

"Huenda akacheka."

"Acheke. Utasikia nusu tu."

Tabby alirudi Endebess jioni. Wacuka anasema mama yake amelala na redio karibu na sikio siku tatu mfululizo, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na kwamba tangu Ijumaa mlio wa cherehani haumfikii kabisa. Hospitali imemtaka arudi kupimwa tarehe 8 Aprili.

Kiplimo hukamua saa kumi jioni na huwa hatoki nyumbani kabla ya hapo. Jumatatu, saa tisa, Waithera atakwenda kwake. Wacuka amejitolea kumsindikiza ili amsaidie kusikia jibu. Mama yake amekataa, atakwenda peke yake.